Mtetemo wa Themanini

Gari likitetemeka kwenye lami, swali la kwanza si gari lina nini. Swali la kwanza ni nini kinachotetemeka mwilini mwako: mikono au makalio. Ikiwa ni mikono, ugonjwa uko mbele, kwa sababu usukani umeungana na magurudumu ya mbele na hauna siri. Ikiwa ni makalio, ugonjwa uko nyuma, kwa sababu kiti kimekaa juu ya sakafu, na sakafu inapokea habari za nyuma. Nimefanya ufundi wa magari hapa Karatu kwa miaka thelathini na kitu, na sehemu kubwa ya elimu yangu iliingia kwa njia ya makalio. Hilo silionei aibu. Aibu ninayo, lakini ni ya jambo lingine, na nitalifikia.

Ninyi vijana wa gereji za siku hizi mna raha ambayo hamuijui. Lami inapita mlangoni kwenu na kwenda mpaka lango la Ngorongoro. Mteja akilalamika kwamba gari linatetemeka kwenye mwendo wa themanini, mnapanda naye, mnafika themanini kabla hamjaiona Rhotia, mnageuza, mnarudi kunywa chai. Wakati wangu, miaka ya sabini inakwisha na ya themanini inaanza, lami ilianzia Makuyuni. Mtu alitoka Karatu kwa vumbi au kwa tope kutegemea mwezi, akateremka hadi Mto wa Mbu, akaendelea kusukwasukwa, ndipo akaikuta. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunatibu ugonjwa ambao kwetu haukuwepo. Barabara ya Karatu haikumruhusu mtu kufika themanini, na aliyefika alifika kwa sababu breki zimekataa.

Na petroli ilikuwa ya foleni na vibali. Huwezi kumwambia mtu twende Makuyuni tukasikilize gari lako. Ilibidi umuulize dereva maswali, kama daktari anavyomuuliza mgonjwa, halafu uamue utamwamini kiasi gani. Hapo kwenye kuamini ndipo mafundi wengi tunapoharibikia.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Mzee Ammi, aliyejifunza ufundi kwenye trekta za mashamba ya kahawa ya Oldeani. Alikuwa na vidole tisa, na maneno yake kwa siku yalikuwa machache kuliko vidole. Mwanzoni mwa kazi yangu ilikuja Kortina ya mfanyabiashara mmoja wa ngano, inatetemeka kwenye lami. Nikaishusha propela shafti, ule mhimili mrefu unaotoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka nyuma kwenye difu, lile fumba la gia katikati ya magurudumu ya nyuma. Nikaikagua siku mbili. Nikaitazama kwa jicho moja, nikaitazama kwa jicho la pili, nikaizungusha juu ya mbao, nikatikisa kichwa kama nilivyowaona mafundi wakubwa wakifanya. Siku ya tatu Mzee Ammi akaja na kijiti na debe la maji. Akainama kwenye gurudumu la nyuma, akaingiza kijiti upande wa ndani wa rimu, akalikwangua donge la tope jekundu la Karatu lililokauka humo, kubwa kama nusu ya mkate. Akaliweka juu ya benchi langu, katikati ya spana, akaondoka. Donge lile lilikaa pale mwezi mzima kwa sababu alikataza lisiondolewe. Wateja walikuwa wanauliza ni la nini.

Basi tangu siku hiyo sikufungua kitu kabla ya kuosha. Nawashauri na ninyi. Tope letu ni zito na lina kinyongo, likikauka upande mmoja wa rimu gurudumu zima linakuwa kilema, na kilema hicho hakijionyeshi mpaka lami.

Mzee Ammi alinipa pia kanuni nyingine, na kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa maneno, nilidhani nitaikumbuka maisha. Alisema, "Gari likirudi, anza na ulichogusa mwisho." Akaenda zake. Alipostaafu na kurudi Oldeani alinisalimu kwa kichwa tu, kwa hiyo kanuni hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote niliyowahi kupata kwake.

Sasa sikilizeni tofauti ya gurudumu na propela, kwa sababu hadithi yangu imekaa hapo. Vyote viwili vikiugua huko nyuma, kiti kinatetemeka. Lakini propela inazunguka karibu mara nne wakati gurudumu linazunguka mara moja. Kwa hiyo propela mbovu haitikisi, inavuma, unaisikia chini ya miguu kama mzinga wa nyuki uliobebwa ndani ya gari. Gurudumu halivumi. Gurudumu linachekecha. Umekaa kitini na unahisi kama kuna mama chini yako anachekecha unga wa mahindi, hana haraka wala hachoki. Anayejua tofauti hiyo hahitaji kushusha kitu. Na ukibaki na shaka, hamisha magurudumu ya nyuma yaende mbele na ya mbele yaje nyuma. Mtetemo ukihamia kwenye mikono, umeshapata jibu, na umetumia jeki tu.

Kusawazisha magurudumu nako hatukuwa na mashine. Tulipandisha pua ya gari kwa jeki, tukahakikisha breki hazigusi, tukailegeza kidogo nati ya beringi ili gurudumu lizunguke bila kukwama. Pale tulifunga kila gurudumu kwa zamu, hata yale ya nyuma. Unalizungusha taratibu, unaliacha lisimame lenyewe. Upande mzito unashuka chini. Unatia alama ya chaki juu kabisa, na hapo kwenye chaki unaweka kipande cha madini ya risasi. Unazungusha tena, unaongeza, unapunguza, mpaka gurudumu lisimame popote bila kuwa na upande linaoupenda. Kazi ya asubuhi nzima, na mgongo unaikumbuka mpaka leo.

Vipande vya risasi nilitengeneza mwenyewe. Nilivunja betri zilizokufa, nikayeyusha risasi kwenye kopo la maziwa ya unga, nikaimimina kwenye vishimo nilivyochimba juu ya tofali. Msifanye hivyo, moshi wake ni sumu. Mimi nilifanya na bado nipo, lakini huo si ushahidi. Vilitoka vipande vya kijivu, vya mviringo, vyenye tumbo, ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Kila kimoja nilikipachika kulabu ya bati, niliyoikata kwenye ule utepe wa kufungia masanduku, ili king'ang'anie ukingo wa rimu. Halafu nilikigonga nukta tatu kwa msumari, kama sahihi yangu. Hakuna mtu aliyekuwa ameniomba sahihi.

Gari la hadithi hii lilikuwa pikapu ya Datsun, kuukuu, ya Bwana Mifugo. Bwana Mifugo alikuwa kijana msomi aliyevaa tai hata kwenye josho la ng'ombe. Dereva wake alikuwa Mzee Lazaro, mtu wa makamo, Mwiraqw mwenzangu, ila alikulia Endulen na alizungumza Kimaasai kama aliyezaliwa nacho. Kazi yao ilikuwa hivi: Jumatatu Mzee Lazaro anakwenda Arusha kuchukua chanjo iliyozungushiwa barafu, katikati ya wiki anampeleka Bwana Mifugo kwa wafugaji, mara Malambo, mara Kakesio, kuchanja ng'ombe. Kwa hiyo gari lile liliishi maisha mawili, la lami na la makorongo.

Mara ya kwanza lilipokuja linatetemeka, nilifanya kazi nzuri. Niliosha, nikasawazisha magurudumu yote manne, nikafunga vipande vinane vya risasi yangu, viwili kila gurudumu. Jumatatu nikapanda nao hadi Makuyuni, nikaomba usukani, nikafika themanini, nikafika tisini. Kimya. Bwana Mifugo alinipa mkono, na mimi nikaupokea kama mtu aliyeuzoea.

Hazikupita wiki nyingi, Mzee Lazaro akaliegesha tena mbele ya gereji yangu. Akashuka, akafunga mlango kwa mikono miwili kama alivyozoea, ili usijigonge.

"Limerudi, fundi," akasema. "Mikono haina neno. Ni kiti. Kinachekecha."

Nimewaeleza kuchekecha ni nini. Mzee yule alinipa jibu lote kwa neno moja, amesimama mlangoni, kabla sijashika spana. Na mimi nikaitikia "haya, mzee", nikaingia chini ya gari kukagua propela.

Mtaniuliza kwa nini. Nimejiuliza miaka mingi. Jibu ni kwamba magurudumu nilikuwa nimeyafanya mimi. Kazi ya mkono wangu niliihesabu kuwa imekwisha, na kilichobaki kilikuwa lazima kiwe kosa la mtu mwingine. Sikuyatazama hata kwa kupita. Yalikuwa na vumbi, na mimi nilipita kwa magoti kando yake nikiwa na tochi, nikienda kuutafuta ugonjwa mahali ambapo haukuwa.

Huko chini nikazikamata krosi, yale maungio ya msalaba kwenye ncha za propela, nikazitikisa. Zilikuwa na ulegevu kidogo. Ndugu zangu, krosi ya pikapu inayokwenda Kakesio kila mwezi ina ulegevu kidogo tangu wiki ya pili ya maisha yake, na itaendelea kuwa nao mpaka ife. Lakini mimi nilifurahi kama niliyemkamata mwizi wa kuku.

Bwana Mifugo alitaka maelezo kwa maandishi. Gari limetengenezwa juzi, leo linaumwa tena, ofisi itauliza. Akanipa karatasi na kalamu. Nikaandika sentensi mbili. Ya kwanza ilisema krosi za propela zimekwisha. Ya pili ilisema chanzo ni uendeshaji wa kasi kwenye njia mbaya. Sentensi ya pili hakuna aliyeniuliza. Niliiongeza kwa sababu moja ilionekana fupi, na karatasi ilikuwa kubwa.

Nikabadilisha krosi. Hapa angalau nilifanya jambo moja sahihi, nalo mlishike: kabla ya kushusha propela, tia alama ya rangi kwenye propela na kwenye difu, ili irudi ilivyokuwa. Ukiirudisha imegeuka, unaweza kuzaa mtetemo mpya juu ya ule wa zamani. Nilitia alama, nikaifunga vizuri kabisa. Jumatatu Mzee Lazaro akaenda Arusha, akarudi, akaniambia bado kinachekecha. Nikamwambia krosi mpya zinahitaji kuzoea. Krosi hazizoei kitu, ni vyuma.

Wakati huo karatasi yangu ilikuwa inafanya kazi yake ofisini. Alasiri moja Mzee Lazaro alikuja kwa miguu, bila gari, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akanionyesha barua. Alitakiwa ajieleze kwa nini asiachishwe kazi kwa kuharibu gari la umma kwa mwendo wa kasi, na mwisho wa kujieleza ulikuwa mwisho wa mwezi. Ninyi mnajua dereva aliyefukuzwa kwa barua ya namna ile aliajiriwa na nani miaka ile. Hakuajiriwa na mtu. Angeondoka kwenye nyumba ya kazi, yeye na mama watoto na binti aliyekuwa bado shuleni, arudi Endulen aanze kuchunga katika umri ule.

Nilitegemea atanigombeza. Alikunja barua, akairudisha mfukoni, akauliza kwa sauti ile ile aliyotumia kuniambia habari za kiti.

"Fundi, hii kasi uliiona wapi?"

Nikaanza kueleza habari za krosi, akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema kesho kutwa wanakwenda Kakesio, kama nina nafasi niende nikae katikati nimtazame anavyoendesha, halafu niandike nilichokiona. Nikakubali. Bwana Mifugo naye hakukataa, alisema itakuwa uchunguzi.

Sijawahi kupanda gari lililoendeshwa polepole namna ile. Tulipanda msitu wa kreta kwenye ukungu, Mzee Lazaro amesogeza kifua kwenye usukani kana kwamba anasoma. Kila korongo alisimama, akashuka, akalitazama, akarudi, ndipo akavuka. Ndama akilala njiani, alimsubiri ainuke mwenyewe, kwa maelezo kwamba ukimpigia honi mama yake anakasirika na kosa linakuwa letu. Kabla ya Endulen tulipitwa na punda waliobeba maji. Walitupita kabisa, nikaiona migongo yao, na mwanamke aliyewaswaga alitusalimia kwa huruma.

Nilikuwa na daftari la kuandika makosa yake. Mpaka Endulen lilikuwa jeupe. Nilikuwa nimeshajua kwamba sentensi yangu ya pili ni uongo, ila ukweli ulikuwa wapi sikujua, na mtu asiye na ukweli wa kuweka badala yake hujikuta anaung'ang'ania uongo.

Kakesio tulikuta ng'ombe wamekusanywa zizini. Mzee Lazaro aliegesha gari kando ya mgunga, akaenda na Bwana Mifugo, kwani ndiye aliyekuwa akizungumza na wazee na kuwashika ng'ombe pembe. Mimi nikabaki, nikakaa chini kwenye kivuli upande wa pili wa mti. Wakaja watoto wanne hivi, wachunga ndama. Hawakuniona au hawakunijali. Wakachuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Mmoja wao, msichana, akapitisha kidole ukingoni mwa rimu pole pole, akasimama kwenye kipande changu cha risasi. Akakishika kwa vidole viwili, akakizungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, bila kukivuta kwa nguvu, kwa uangalifu mkubwa. Kikatoka. Akakiweka kiganjani, akarudisha kidole ukingoni kutafuta kingine.

Nimekulia kwenye nyumba yenye ng'ombe. Mkono ule niliujua. Hivyo ndivyo unavyomtoa kupe aliyeshiba, unamzungusha ili kichwa kisibaki kwenye ngozi.

Nikasimama, watoto wakakimbia. Nikaenda kwenye gurudumu la nyuma, nikapiga magoti, nikafuta vumbi kwa kiganja. Palikuwa na mikwaruzo midogo miwili, mahali kulabu zangu zilipokuwa zimeng'ata, na hapakuwa na risasi. Upande wa pili, vivyo hivyo. Gereji kwangu gari lile lilikuwa limekaa siku tatu, na kufuta kwa kiganja kungechukua muda wa kupiga chafya.

Karibu na hapo, ng'ambo ya pikapu, alikuwa ameketi bibi mmoja mzee na mke mwenzie, wanatunga shanga. Masikio ya bibi yule yalikuwa yametogwa na kurefushwa kwa desturi yao, na chini ya kila sikio kulikuwa na pambo la kijivu, limesuguliwa likang'aa. Nikasogea.

"Koko, takwenya," nikamsalimu kwa Kimaasai; koko ni bibi.

"Iko," akaitikia, bila kuacha shanga.

Aligeuza kichwa, pambo likageuka, na nikaona nukta tatu. Mke mwenzie alikuwa na mengine mawili. Vipande vyote vinne vya nyuma vilikuwa pale mbele yangu, vimetulia, havitetemeki hata kidogo.

Nikaenda kumwita Mzee Lazaro. Alizungumza na Koko kwa Kimaasai, taratibu, halafu watoto wakaitwa, akazungumza nao, halafu akanigeukia kunieleza. Watoto walisema gari lile huwa linakuja kutibu ng'ombe, na lenyewe lina kupe kwenye miguu. Walilionea huruma. Safari iliyopita waliwatoa wa nyuma, wakafukuzwa kabla hawajawamaliza wa mbele, na leo walikuwa wanakamilisha. Walishangaa kupe wale hawana damu. Wakampelekea Koko, naye akaona kulabu.

Koko akaongeza neno lake, Mzee Lazaro akalifasiri bila kubadilisha uso. "Anasema kama ni mali ya gari, gari lichukue. Lakini fundi aliyetengeneza aambiwe kwamba hii ni kulabu ya sikio."

Ndipo Bwana Mifugo alipokuja, bomba la sindano mkononi, tai imetupwa begani ili isichafuke, anauliza kuna nini. Hapo nataka mtulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa na njia mbili. Ningeweza kumwambia watoto wameng'oa risasi, akacheka, tukacheka wote, na karatasi yangu ikabaki ofisini bila kuguswa. Krosi zilikuwa zimelegea, sentensi ya kwanza ilikuwa ya kweli. Mzee Lazaro alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Hakunisaidia. Alinitazama tu, na mimi nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Bwana Mifugo," nikasema, "ile sentensi ya pili niliyoandika ni ya uongo. Sikuona kasi yoyote. Mzee aliniambia kiti kinachekecha, maana yake ni gurudumu, na sikumsikiliza. Magurudumu sikuyatazama kwa sababu niliyafunga mimi."

Bwana Mifugo alimtazama Koko, akatazama rimu, akanitazama mimi. Wasomi wana njia yao ya kukasirika. Akatoa fomu ya chanjo, akaigeuza upande mweupe, akanipa kalamu. "Basi yaandike hayo," akasema.

Nikaandika juu ya boneti, watoto wamenizunguka wanatazama herufi. Safari hii karatasi ilikuwa ndogo, na haikutosha. Niliandika gari liliharibika kwa kupoteza risasi za magurudumu ya nyuma, zilizoondolewa na watoto kwa nia njema. Niliandika dereva alieleza hitilafu kwa usahihi na fundi hakumsikiliza. Niliandika dereva anaendesha polepole kuliko punda, na shahidi ni mimi. Bwana Mifugo akasoma, akasema sentensi ya mwisho si lugha ya ofisi lakini aliiacha, akanitaka niweke sahihi. Akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati nyuma ya tai.

Mapambo niliyaacha kwa Koko na mwenzie. Risasi ya gari nayeyusha nyingine, na huko yalikokuwa yalithaminiwa zaidi kuliko kwenye rimu.

Gari lilipofika kwangu na Bwana Mifugo akashuka kwenda zake, nilimfuata Mzee Lazaro dirishani. Nikamwambia, "Mzee, nimekukosea." Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani wa gari lililokwisha kuzimwa.

"Funga magurudumu kwanza," akasema.

Nikayeyusha risasi mpya. Hizi nilizigonga kwa nyundo zikawa bapa, bila tumbo, nikazipaka rangi nyeusi, na kulabu nikaikunja kwa ndani ili isimfae mtu. Sahihi sikuweka. Barua ya Mzee Lazaro ilifutwa kwa barua nyingine kabla ya mwisho wa mwezi, fupi, isiyoomba radhi, kama barua za ofisi zilivyo. Alinionyesha kwa mbali, akairudisha mfukoni.

Jumatatu alipita gereji akafungua mlango wa abiria. Hakusema twende, aliuacha wazi tu mpaka nilipopanda. Tukateremka Mto wa Mbu kwa mwendo wake ule ule, tukafika Makuyuni jua limepanda. Lami ikaanza chini yetu. Nilidhani atabaki kwenye hamsini, lakini akabadilisha gia, akakanyaga. Sitini. Sabini. Mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika dashibodi na mwingine kiti, nasubiri kuchekecha. Themanini ikapita, kimya. Tisini. Upepo ukawa unapiga kelele dirishani na Datsun ile kuukuu ilikwenda imetulia kama imesimama. Mia. Mzee Lazaro alitazama mbele muda wote, mgongo wima, na sikuwahi kumwona mtu anayeendesha vizuri namna ile.

"Hii ndiyo kasi, fundi," akasema. "Sasa umeiona."

Kisha akalegeza mguu, tukaenda Arusha kwa sitini.